Fisi Mwenye Tai

Juzi pale Kona ya Musa nilimwona kijana akiuza majarida ya zamani. Kwenye jalada la juu kabisa alichorwa fisi aliyevaa koti na tai, akila peke yake kwenye sufuria ya kijiji kizima.

Fisi huyo nilimjua. Baba, fundi cherehani wa Matuga, alikusanya majarida hayo ndani ya gunia la mbata, yakanuka nazi kavu. Mimi nilidhani ni hadithi za wanyama. Leo najua fisi alikuwa mkubwa wa nchi. Shule ilipofunguliwa nilichomoa jalada moja nikafunikia daftari, kama wenzangu walivyofunika yao kwa magazeti. Mwalimu alilitazama sana.

Kesho yake alasiri, Mama akikuna nazi uani, walikuja wanaume wawili mlango wa mbele. Niliwaamkia.

"Marahaba, mwanangu. Picha ya daftari lako inachekesha kweli. Baba anazo nyingine?"

"Tele! Ngojeni niwaonyeshe."

Niliwaburutia gunia mwenyewe, nikifurahi kwamba watu wazima nao walimpenda fisi.

Baba walimchukua kwenye cherehani yake, uzi ungali sindanoni. Hakurudi.

Mama aliamini kwamba jirani yetu, Bi Mwanasha, ndiye aliyetuchongea. Hakuitikia tena salamu yake hadi siku Mama alipokufa. Bi Mwanasha alikuja mazikoni, akaniuliza, "Kwani mwanangu, mamako nilimkosea nini?"

Nilikuwa mtu mzima, mwenye watoto wangu. Nikamjibu, "Sijui, mama."