Kitalu cha Nyuma ya Jiko

Mfuga nyuki alipofariki alimwachia mkewe mizinga saba. Sasa ilibaki miwili yenye nyuki. Zamani kando ya barabara kulijaa mmea wa porini wenye maua ya zambarau, usiokufa ukishachanua bali huchipua tena mwaka hadi mwaka kutoka mizizi ileile. Barabara ikapanuliwa, mmea ukafyekwa, nyuki wakaanza kuhama.

"Shemeji, nipe hii mizinga niipeleke kwangu," mdogo wa marehemu alimwambia. "Huku unafuga njaa."

"Watu wanaijua asali ya nyumba hii. Nisubiri nioteshe maua yao. Mvua za mwakani zikija hayapo, ubebe."

Wakakubaliana.

Mjane alikuwa ameokota mbegu kabla ya wafyekaji kumaliza, mbegu laini kama ugoro. Kwanza alizifukia kama mtu anayepanda mahindi, zikaozea humo. Zilizobaki akazinyunyiza juujuu nyuma ya jiko, akazikandamiza kwa kiganja bila kuzifunika, nazo zikaota. Lakini mmea ule hauna pupa. Mwaka wa kwanza hutambaza majani tu, ukijijengea mizizi. Majirani walimcheka kuwa anamwagilia magugu. Yeye, mwalimu mstaafu, kucheka kwao kulimchoma. Tangu hapo hakumweleza mtu tena, hata mkwewe aliyeolewa juzijuzi.

Mwaka ukapita, mvua zikanyesha, vikonyo vya maua vikaanza kuinuka. Ndipo shemeji akaleta habari kwamba kesho anakuja na mkewe. Mwanamke yule akiingia nyumbani kwa mtu, macho yake hutangulia kwenye vumbi. Mjane akamwita mkwewe.

"Mwanangu, fanya usafi ua mzima. Ng'oa kila gugu. Nisije nikaaibishwa."

Akaenda kununua unga. Aliporudi, ua uling'aa.

"Mama, hata nyuma ya jiko nimepamaliza," mkwe alisema akijipangusa jasho. "Pale palikuwa pori, jamani!"

"Umeyatupa wapi?"

"Sijayatupa, mama. Nimeyachoma."

Mjane aliuweka unga chini, akaenda nyuma ya jiko. Palikuwa na udongo mtupu uliolimwa vizuri, na majivu.

Kesho yake shemeji alizunguka ua wote, mikono mgongoni.

"Haya, shemeji, maua yako wapi? Au yametoka matembezini?"

Mkewe akacheka. Mkwe alifungua kinywa, lakini mjane akamwahi.

"Yameng'olewa kwa amri yangu."

"Yako wewe? Kisa?"

"Mkeo akute ua safi."

Kicheko kikakatika.

"Basi, shemeji," yule bwana alisema kwa sauti ya chini, "tungoje msimu mwingine..."

"Sikukuomba unionee huruma. Tulikubaliana. Jua likizama nyuki wakishaingia, ziba milango uondoke nao."

Ikawa hivyo. Gari lilipotokomea na mizinga yote miwili, mkwe alikuwa analia.

"Mama, ungesema tu ni mimi."

"Wewe ulifanya nilichokutuma."

"Mbegu zimebaki?"

"Hakuna hata moja."

"Kwani ulikuwa mmea gani?"

Mjane akavuta kigoda, akaanza kumweleza ukubwa wa majani na rangi ya maua, lakini kabla hajafika kwenye mbegu akainuka, akaenda nyuma ya jiko.