Taya la Baba

Baba alifariki kabla sijaanza shule, akaniachia uso wake: kidevu kilichotangulia mbele, mashavu yaliyobonyea chini ya macho, meno ya chini yakifunga nje ya yale ya juu. Nyumbani Olasiti mama alinikatia andazi vipande vidogo, maana nikiling'ata halikatiki.

Nilipofika kidato cha pili alinipeleka mjini kwa daktari wa kupanga meno. Daktari aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga, akasema taya langu la chini halikuwa na kosa lolote.

"La juu ndilo lililodumaa. Lenzake limekua likaliacha nyuma."

"Litavutika?" mama akauliza.

"Mngemleta akiwa darasa la pili, ningesema ndiyo bila wasiwasi. Sasa mifupa imeanza kukaza. Tutajaribu."

Wakanibandika chuma kwenye kaakaa, chenye skrubu katikati. Kila jioni mama alinilaza chali, akaingiza kifunguo chembamba na kuizungusha kidogo. Maumivu yalipanda mpaka katikati ya macho, machozi yakanitoka yenyewe. Halafu alinivalisha chuma kingine cha usoni, kilichoegemea paji na kidevu, raba zikivuta taya la juu kuja mbele. Nilikivaa tangu nitokapo shule hadi asubuhi. Nikawa nakataa kutumwa dukani. Nikaacha na kwaya ya kanisani, kwa sababu kila neno lenye s lilinitoka kama mluzi.

Likizo ya Juni tulikwenda Oldonyo Sambu kwa koko, bibi yangu mzaa baba. Kulikuwa na baridi na upepo wa vumbi, naye alikuwa amejifunika shuka mbili mlangoni. Nilimwinamishia kichwa, kama watoto wanavyowasalimu wakubwa kule, ili aniwekee kiganja utosini. Kiganja kikateleza, kikagusa chuma, akakivuta haraka kama aliyeungua.

"Mmemfunga nini mtoto?" akamwuliza mama.

"Ni matibabu ya taya, mama. Hawezi kutafuna vizuri."

"Baba yake alitafuna. Alikula nyama hapa hapa kwangu."

"Na mara ngapi ilimkwama, mama?"

Koko akanigeukia. Akasema taratibu, "Mimi picha yake sina. Huyu ndiye niliyekuwa namtazama."

Aliingia ndani, na mpaka tunaondoka hakusema nami tena zaidi ya kuniambia nile. Mama naye hakugusa kile kifunguo mpaka tuliporudi nyumbani. Masika yaliyofuata koko alifariki. Nilikwenda mazikoni bila chuma usoni, na wazee waliponishika mkono na kuuona uso wangu walikuwa wakilia kabla sijafungua kinywa.

Baada ya hapo daktari alipiga eksirei nyingine. Aliilinganisha na ile ya kwanza, akavua miwani.

"Meno yamesogea. Mfupa haukusogea vya kutosha. Tusimtese bure. Akimaliza kukua, ni upasuaji, Dar es Salaam."

Kwenye korido mama aliketi kwenye benchi akaanza kulia. Nilidhani analia kwa ajili ya taabu yote ile.

"Nesi wa kliniki aliniambia ukiwa mdogo kabisa," akasema. "Aliniambia nikulete mapema. Nikanyamaza. Nilikuwa nakuangalia ukila, namwona baba yako mezani."

Nilikuwa na hasira, na hapo hapo nilimwonea huruma, nikamshika mkono tukatoka nje.

Sasa nimemaliza kukua. Mwaka huu mama aliniuliza kama niko tayari kwenda Dar.

"Bado nafikiri, mama."

"Uamuzi ni wako," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, na sikuweza kujua alitaka nijibu vipi. Aliinuka akaenda kuanua nguo, kwa sababu mawingu ya mvua yalikuwa yameushukia mlima unaoonekana kutoka uani. Tangu siku ile hatujalizungumza tena.