Touhfat wa Safu ya Nyuma

Mimi mtu kimya simpendi. Ukipanga chumba kwangu utasema, utacheka, utaniudhi kidogo, ndipo nijue nina mtu nyumbani. Touhfat alipokuja kutoka Mutsamudu kuanza chuo kikuu hapa Moroni, nilidhani nimeletewa kivuli. Anasalimu, anafua, anasoma, basi. Akishavuka mlango wangu, hata salamu anaimeza.

Sababu niliijua. Mwaka ule kisiwa chao cha Ndzuani kilikuwa kimeiasi tena serikali ya Komori, na redio ilihubiri vita asubuhi na jioni. Hapa kisiwani Ngazidja, Mndzuani akifungua mdomo tu anajulikana, kwa kuwa lugha zetu ni ndugu lakini si pacha. Hata Kifaransa wanachosomea chuoni, kila mtu anakitamka kwa lafudhi ya kwao. Sokoni watu walishaanza kutupiana maneno. Basi mtoto akaamua kufunga kinywa. Darasani alikaa safu ya nyuma kabisa, na jina lake likiitwa, alinyoosha mkono tu.

Ikatokea nafasi ya kwenda kusomea famasia Moroko. Alama alikuwa nazo. Kilichobaki ni mwalimu mmoja wa chuo aandike kwamba anamjua na anamwamini. Mwalimu wake wa zamani, Nassurdine, angemwandikia kurasa na kurasa, lakini yeye alikuwa Mutsamudu, na walitaka mtu wa chuo. Bila mwalimu huyo, nafasi imekwenda. Alinililia jikoni, na ndiyo mara ya kwanza kuisikia sauti yake sawasawa. Mungu anisamehe, nilikaribia kufurahi.

Sasa, kwetu mtu hajiombei jambo zito. Humtuma mkubwa. Nikajitanda leso mpya, nikapika mkate wa sinia, nikaenda nyumbani kwa mwalimu wake wa chuo, fundi Moinaidi, maana huku mwalimu tunamwita fundi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema mtihani wa Touhfat anaukumbuka vizuri, ila mwenyewe hamjui, wala hajui ni mrefu au mfupi.

"Mama Zainaba," akaniambia, "unataka niseme namjua mtu ambaye sijapata kuisikia sauti yake. Mwambie aje mwenyewe."

Nikarudi nimefura. Mkate wangu waupokee, mimi nirudi mikono mitupu! Touhfat naye akakataa katakata kwenda. Chuoni ilijulikana kwamba mtoto wa kwanza wa fundi ni askari, na yuko kisiwa cha Mwali pamoja na wenzake wakingoja amri ya kuvuka kwenda Ndzuani. Mama yake Touhfat anakaa Hombo, mtaa wa Mutsamudu, karibu na hospitali kubwa.

"Nikitamka neno moja tu," akasema, "atajua mwanawe anakwenda kupigana na nani."

Hapo nikavuta kigoda. Nikamweleza nilivyofika nchi hii mwaka sabini na saba, baada ya watu wetu kuuawa Mahajanga, huko Madagaska. Nilizaliwa kule, na Kikomori changu kilijaa Kimalagasi. Watu walitucheka, wakatuita Masabena, kwa jina la ndege zilizotuleta. Nikaacha kusema. Sokoni nilionyesha muhogo kwa kidole. Nilipoolewa, mama mkwe wangu aliuliza pembeni kama bibi harusi ni bubu. Touhfat akacheka kidogo, nami nikamkatiza, sikuwa nachekesha. Nilimwambia kimya kile hakikunilinda hata siku moja. Siku nilipohitaji mtu wa kunisemea, hakupatikana, kwa sababu hakuna aliyekuwa ananijua.

Akainuka, akarudi kwenye vitabu vyake. Lakini kesho yake alikaa safu ya mbele, akauliza swali. Nyuma yake mtu akafyonza, na msichana aliyekaa naye benchi moja akahama. Fundi hakutabasamu wala hakununa. Alimjibu, kisha naye akamuuliza swali lake, na wakaenda hivyo kila somo. Kuhusu Moroko, fundi hakugusia lolote, na Touhfat hakumkumbusha. Mimi ningekuwa nimeshamkumbusha mara mia.

Kisha ikafika asubuhi majeshi yaliposhuka Ndzuani. Mtaani kwetu watu walipiga makofi, nikafunga dirisha kwa kishindo wasikie. Touhfat alipiga simu nyumbani tangu alfajiri, haikupokelewa. Nikamwambia leo akae ndani. Akajifunga kitambaa chake, akasema akikosa leo atarudi safu ya nyuma na hatatoka huko tena.

Fundi Moinaidi aliingia macho mekundu, akaanza kuita majina. Alipofika kwa Touhfat, mtoto hakunyoosha mkono. Aliitika kwa sauti. Fundi akamuuliza mbele ya wote, si kwa Kifaransa bali kwa lugha yetu:

"Umepata habari za nyumbani?"

"Bado, fundi. Na wewe, za kijana?"

"Bado."

Akaendelea na majina. Baada ya somo akamwita mezani, akaitisha ile karatasi ya Moroko na kuanza kuandika. Palikuwa na swali moja: amemjua mwanafunzi huyu tangu lini? Akaandika tarehe ya siku ile. Touhfat akashtuka, akaona nafasi inaponyoka, akamkumbusha kwamba amekuwa darasani kwake tangu mwanzo wa mwaka.

"Darasani ulikuwepo," fundi akasema. "Kukujua, nimekujua leo."

Akajaza ukurasa mzima, akageuza, akaendelea nyuma.

Wakamkubali. Mama yake alikuwa ameshapatikana kwenye simu, mzima, na kijana wa fundi naye alirudi mzima. Siku ya kuondoka nilimsindikiza uwanja wa ndege, naye alisema njia nzima, kwa Kindzuani chake, mbele ya dereva na kila abiria, mpaka kichwa kikaniuma. Nikamwambia anyamaze kidogo. Akanyamaza, nikajuta, nikamwomba aendelee.