Mpishi Asiyesikia

Uziwi wa Mama Pua ulianzia kwenye simu, na ulianza kwa sababu wifi yake hana subira ya kungoja mtu amalize kusema.

Wifi alipiga kumjulia hali baada ya mafua makali yaliyomlaza kitandani. Mama Pua, sauti bado imemkwama kooni, akamwambia, "Nimepona, wifi, ila tangu yale mafua sisikii kabisa..." Alitaka kumalizia na neno "harufu". Neno hilo halikupata nafasi. Wifi alishapiga ukelele, "Maskini! Masikio yote mawili?" na kabla hajajibiwa akakata simu ili awahi kuwapigia wengine. Huyu wifi hutia chumvi kwenye maneno kuliko kwenye mchuzi. Kufikia jioni ukoo mzima ulijua kwamba mke wa kaka yao amekuwa kiziwi, na binamu mmoja alishaambiwa kwamba hata macho yameanza kufifia.

Lugha yetu ndiyo iliyomponza. Sisi husikia kila kitu: tunasikia redio, tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia harufu. Mtu akisema hasikii na akaishia hapo, kila mmoja humalizia anavyopenda.

Sasa utauliza kwa nini hakupiga simu tena akalimaliza hilo neno. Alitaka. Aliishika kabisa simu mkononi. Lakini kwanza umjue ni nani.

Mama Pua alikuwa mpishi mkuu wa kantini ya kiwanda cha magodoro, na jina hilo hakupewa kwa ukubwa wa pua, maana pua yenyewe ni ndogo tu, bali kwa kazi zake. Alijua maziwa yameanza kuchacha kabla kifuniko hakijafunguliwa. Alikuwa akiingia getini asubuhi anavuta pumzi na kusema, "Nani ameacha vitunguu motoni?" na jiko lenyewe liko upande wa pili wa uwanja. Kuonja hakuonja. Aliinamia sufuria, akafumba macho, akasema, "Bado, nyanya hazijaiva," na hakuna aliyebishana naye. Wafanyakazi walisema pua ile ingezaliwa polisi ingekuwa na cheo.

Mafua yalipoondoka, yaliondoka na pua. Alikata vitunguu, machozi yakamtoka kama kawaida, lakini harufu hakuna. Akanusa samaki, akanusa sabuni, akaona vyote sawasawa. Chakula mdomoni kilikuwa kama karatasi iliyolowa. Akajiambia ni siku chache tu, jikaze kisabuni. Siku zikapita, wiki zikapita, pua kimya.

Uvumi wa uziwi ulifika kiwandani kabla yake. Siku ya kwanza aliporudi kazini, akiwa anamenya karoti, msimamizi wa kantini alisimama hatua chache kutoka hapo na kumwambia mtunza stoo bila hata kupunguza sauti, "Masikio si hoja. Hapiki kwa masikio. Ingekuwa pua, kesho ningetafuta mpishi mwingine." Mama Pua aliendelea kumenya karoti ile ile mpaka ikabaki nyembamba kama penseli. Kupika ndiyo kazi pekee aliyoijua, na ndiyo jina lake. Nusu shari kuliko shari kamili. Akaupokea uziwi kimyakimya, kama mtu anayepokea koti la mwenzake kwa sababu nje kuna baridi.

Basi akawa mzima wa masikio mwenye pua mbovu, akijifanya kiziwi mwenye pua nzima. Alipika kwa macho. Aliangalia rangi ya vitunguu, aliangalia povu, zaidi ya yote aliangalia nyuso za watu wanaokula. Uso ukikunjamana, moyo wake ulishuka mpaka kwenye viatu. Kila sufuria iliyorudi tupu ilikuwa kama kesi iliyoahirishwa.

Nyumbani mambo yalikuwa ya kuchekesha, kama wewe si Mama Pua. Mumewe ni fundi redio, mtu wa sauti ya chini ambaye tangu waoane hakuwahi kumfokea hata paka. Sasa alijifunza kupiga kelele. "MKE WANGU! CHUMVI!" Jirani wa ukuta wa pili akagonga akiuliza kama chumvi imewaishia, maana yeye anayo. Mama mkwe, kikongwe aliyekula chumvi nyingi na aliyekuwa akiishi nao, ndiye aliyefurahia zaidi. Alifoka asubuhi, alifoka mchana, alifoka hata wakati wa kusema asante. Tena akaanza tabia mpya ya kuamka alfajiri kabla ya wote na kuingia jikoni, eti uzee umemwondolea usingizi, na eti maziwa ya kwanza lazima aonje yeye.

Hayo yote Mama Pua aliyavumilia. Kilichomuuma ni redio. Kila jioni tangu ndoa yao walikuwa wanakaa pamoja, yeye anashona vifungo au anachambua mchele, mumewe anarekebisha kitu mezani, redio inaimba. Sasa fundi aliizima. Mama yake alipomuuliza, alijibu kwa sauti yake ile ya zamani, ya chini, akidhani mkewe hasikii, "Sioni raha kusikiliza peke yangu, mama." Mama Pua aliinamisha kichwa kwenye mchele na akachambua punje ambazo hazikuwa na hata jiwe moja.

Fundi hakuishia kuhuzunika. Alianza kutengeneza mashine. Alichukua vipokea sauti vya kichwani, akachukua kipaza sauti cha redio iliyokufa, akachukua kopo la majani ya chai, akaviunganisha kwa nyaya. "UTAVAA HIKI! MIMI NTAONGEA HUKU! WEWE UTASIKIA HUKO!" Macho yake yalikuwa yanang'aa. Mama Pua alitabasamu huku anataka kulia. Njia ya mwongo ni fupi, na yeye aliuona mwisho wake umewekwa mezani, una nyaya nyekundu na nyeusi.

Jumamosi moja mashine ilikuwa tayari, imebaki betri tu. Fundi alimwandikia aina ya betri kwenye kiganja kwa kalamu na kumtuma kwenye duka la vifaa vya umeme. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara kuu imejaa maji, kwa hiyo Mama Pua akakata kushoto, akapita nyuma ya karakana ya milango, kwenye mtaa ambao hakuwahi kuwa na sababu ya kuupita ingawa ni karibu na kwake. Aliinua gauni kukwepa dimbwi. Na hapo, mguu mmoja ukiwa bado hewani, akasikia kitu.

Kwanza alidhani ni kumbukumbu tu. Pua iliyokaa muda mrefu bila kazi huweza kuota. Akasimama. Akavuta pumzi polepole, kwa woga, kama anayefungua mlango wa chumba anachojua hakina mtu. Kilikuwepo. Unga uliochachuka. Mafuta ya moto. Sukari. Na nyuma ya hivyo vyote, kwa mbali, kungumanga.

Alifuata harufu ile kama mtoto anayemfuata mamake sokoni. Ilimpeleka kwenye mlango wa bluu usio na kibao wala tangazo. Palikuwa na foleni tu, ndefu, ya watu waliotulia. Chema chajiuza. Ndani, mwanamke mrefu mwenye aproni alikuwa anageuza donati kwenye karai kwa vijiti viwili. Alikaanga chache tu kwa wakati mmoja, akazitoa, akazigaragaza kwenye sukari, akazigawa, ndipo akaanza nyingine. Waliotaka zilizopoa aliwaambia, "Zilizopoa sina. Donati ikipoa si yangu tena, mwulize aliyeichelewesha." Ndiyo maana watu walingoja, na ndiyo maana hakuna aliyenung'unika.

Mama Pua akapanga foleni. Alipojaribu kunusa mkono wake, hakupata kitu. Akanusa mtandio wake, hamna. Akamsogelea kidogo mzee aliyekuwa mbele yake, ambaye kwa sura alikuwa amejipaka marashi, akaambulia kutazamwa vibaya. Donati peke yake ndiyo iliyopenya. Furaha ikaingiwa na baridi: isije ikawa duka hili tu ndilo lenye nguvu, na pua yake bado ni ile ile maiti.

Zamu yake ilipofika alipewa donati moja ya moto kwenye karatasi. Akauma. Ganda lilikuwa jembamba, likavunjika kidogo tu, na ndani palikuwa laini, pamejaa hewa, pana utamu uliojua kujizuia. Ladha ilimfika moja baada ya nyingine, kama wageni wanaoingia na kuvua viatu mlangoni. Machozi yakamtoka hapo hapo, bila kitunguu.

"Vipi dada, umeungua?" mwenye duka akauliza.

"Nasikia," alisema Mama Pua.

"Unasikia nini?"

"Harufu! Nasikia harufu!" Neno lile lililomezwa na simu likatoka mwishowe, na likatoka kwa kelele.

"Sote tunasikia," alisema mtu wa nyuma. "Ndo maana tuko hapa. Sogea basi na sisi tupate."

Foleni ikacheka. Mama Pua hakusogea. "Umetia kungumanga," alimwambia mwenye duka. "Na ganda la limau, kidogo sana. Na mafuta haya umeyabadilisha leo leo."

Mwenye duka aliacha vijiti. "Watu wote huniambia vanila," alisema. "Vanila sijawahi kununua." Akamfungia nyingine za nyumbani, na katikati yake akapenyeza moja ya ziada.

Mama Pua alinunua betri mbio mbio, akazitumbukiza mkobani, akarudi nyumbani amekumbatia kifurushi kifuani. Njiani alijiapiza kusema kweli. Lakini mlangoni fundi alimdaka, akamkalisha kitini, akamvalisha mashine kichwani kwa uangalifu kama anayemvisha taji. Mama mkwe akavuta kiti aone. Fundi akasogea nyuma ya mkewe na kipaza sauti, akanong'ona kwa sauti ile ya chini ambayo nyumba haikuisikia kwa muda mrefu:

"Mke wangu, nimekumbuka kuongea na wewe."

"Na mimi nimekumbuka, mume wangu," alijibu Mama Pua. Hakufikiri. Nani angefikiri?

Fundi aliruka juu. "Inafanya kazi! Mama, umeona? Inafanya kazi!" Akainama kuitazama mashine yake kwa mahaba, akafungua kopo la majani ya chai, na akatulia. "Betri ziko wapi?"

Mama Pua alifungua mkoba na kuziweka mezani, bado zimo kwenye pakiti yake.

Hapo akasema yote. Simu, neno lililokatwa, pua, karoti, msimamizi, donati. Alisema bila kupumua, mashine ingali kichwani. Fundi alikaa chini taratibu. Mama Pua alingoja hasira, na alikuwa tayari kuipokea maana ilikuwa haki yake.

"Kwa hiyo," alisema fundi, "ulikuwa unanisikia siku zote?"

"Siku zote."

Akafunika uso kwa mikono, na mabega yakaanza kutikisika. Ilichukua muda kujua kwamba anacheka. "Nilidhani sitakuita tena ukageuka," alisema, akijifuta macho. "Pua? Pua tu? Alhamdulillahi! Mke wangu, ningekunusia mimi!"

"Mimi nilijua," alisema mama mkwe.

Wote wakamgeukia.

"Kiziwi gani anacheka mtu akijamba chumba cha pili? Masikio yako hayana kitu. Na siku uliyoniwekea mezani maziwa yaliyochacha, nikajua ni pua. Unadhani alfajiri ninaamkia nini, mwanangu? Nanusa maziwa, nanusa nyama, kibovu namwaga. Nilingoja useme mwenyewe. Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Sasa mama, mbona ulikuwa unanifokea?"

"Aa," alisema kikongwe, akinyoosha mkono kwenye donati, "miaka yote hii natafuta sababu ya kumfokea mkwe, na wewe hunipi. Ningeiacha nafasi ile?"

Mama Pua alishusha pumzi ambayo aliibeba tangu mafua. Alicheka mpaka mashine ikamteleza shingoni. Bado kulikuwa na hofu moja imejificha, nayo hakuitaja: Jumatatu kuna kantini, na kantini haipiki donati. Fundi aliwasha redio. Walikula, sukari ikawajaa midomoni, mama mkwe akasema donati hizi ni hatari kwa mtu mwenye meno machache kwa sababu atameza bila kujua.

Katikati ya wimbo Mama Pua akainua kichwa. Kitu chembamba, kikali, kilikuwa kimemgusa ndani ya pua. Hakikuwa sukari. Hakikuwa mafuta.

"Nasikia kitu kinaungua," alisema.

Wakatulia wote, wakatega masikio kama wajinga. Kisha fundi akageuka na kuona: kile chuma chake cha moto cha kuunganishia nyaya, alichokisahau mezani kwa furaha, kilikuwa kimelalia kitambaa cha meza cha mama yake, na alama ya kahawia ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, ndogo kama tundu la kifungo, hata moshi bado. Akakinyakua na kuchomoa waya.

"NINI KINGINE KINAUNGUA?" alifoka, kwa mazoea.

"Usinipigie kelele, mume wangu," alisema Mama Pua, na akavuta pumzi ndefu ya nguo iliyoungua. "Nasikia."