Mbwa Amefungwa?

Tangu tuhamie Sombetini, hapa Arusha, hakuna mgeni aliyevuka geti letu bila kuuliza kwanza kutoka barabarani: "Mbwa amefungwa?" Fundi bomba aliuliza, hata mchungaji wa usharika wetu aliuliza. Mume wangu alimtoa mbwa huyo kijiji cha Olmotonyi akiwa kitoto cha kuenea kwenye kofia, na kwa miaka kumi na tatu nilimlaumu kwa kuniletea mnyama wa kunifukuzia wageni.

Kisha mume wangu akafariki, na miguu ya nyuma ya mbwa ikaanza kulegea. Nikawa nampitishia kanga chini ya tumbo, nashika ncha zote mbili, tunajikongoja mpaka kwenye nyasi akajisaidie. Yeye na kiuno chake kibovu, mimi na changu.

Watu walizidi kunichanganya. Jirani yangu, Mchaga mwenye duka la misumari, alisema namtesa kwa kumbakiza, kesho yake akamletea mifupa ya supu. Binti yangu alinishauri kwa simu nimwite daktari wa mifugo amchome sindano apumzike milele, halafu akalia, akataka nimsogezee mbwa simu amsikie anavyohema. Nami niliamka nimeamua, mchana nikamkuta amemaliza ugali wake, nikaghairi.

Kilichoniuma zaidi ni jirani kuacha kuuliza. Siku moja aliingia tu, akamruka mbwa aliyelala pale getini, akaendelea na habari za harusi ya mwanawe. Mbwa alimfuata kwa macho. Nilikasirika, na wala sikujua nimekasirikia nini, maana mgeni kuingia bila hofu ndicho nilichokililia miaka yote.

Mbwa alipokaa siku mbili bila kula, nilimpigia daktari. Akasema angekuja Alhamisi saa nne asubuhi. Siku hiyo nilimwosha mbwa, nikamlaza juu ya gunia karibu na geti apate jua. Mlima Meru ulikuwa wazi mpaka kileleni, nami nikaomba mvua inyeshe daktari akwame huko aliko. Haikunyesha.

Geti likagongwa.

"Hodi. Shikamoo, mama. Mbwa amefungwa?"

Masikio yakasimama. Mbwa akajiinua kwa miguu ya mbele, akabweka. Sauti ilikuwa imekauka, lakini ni ileile. Nje nikasikia kokoto, daktari anarudi nyuma.

Nilikuwa na ufunguo mkononi. Siku zote nilijibu amefungwa, karibu.

"Marahaba. Hajafungwa, mwanangu. Subiri kwanza."

Akauliza asubiri mpaka lini. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Nikaketi kwenye gunia, nikamshika mbwa shingoni. Akaendelea kumbwekea mtu aliyekuja kumpumzisha, na mimi sikujua nimnyamazishe au nimwache amalize kazi yake.