Nililala Kitanda Kimoja na Baba Mkwe kwa Sababu ya Nauli ya Bei Chee

Usicheke kwanza. Nisikilize.

Mwaka jana nilisherehekea miaka ishirini ya ndoa yangu baharini, ndani ya meli ya kitalii yenye ghorofa kumi na moja, bwawa la kuogelea na bendi ya muziki. Mke wangu alikuwa ndani ya meli hiyo hiyo.

Lakini siku saba nzima nililala kitanda kimoja na baba mkwe.

Ndiyo. Baba yake mke wangu. Mzee wa heshima zake, mkaguzi mstaafu wa mizani, mtu ambaye nikikaa naye sebuleni sithubutu hata kukunja nne. Sasa nikawa najua mpaka rangi ya soksi anazolalia.

Nani alinifikisha huko? Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu miwili.

Mimi ni fundi wa friji. Kazi yangu haina miadi. Friji haikupigii simu Jumatatu kukwambia kwamba itakufa Alhamisi. Inakufa tu, mwenyewe anachanganyikiwa, mimi nabeba mkoba wangu naenda. Kwa hiyo maishani sijawahi kupanga jambo la mwezi ujao, na sikuona nimepungukiwa nini.

Mke wangu ni muuguzi, na ndiye anayepanga zamu za wodi nzima. Likizo kwao inaombwa mwaka mzima kabla. Ukizubaa unapewa wiki ambayo hakuna anayeitaka.

Halafu nina ugonjwa mwingine. Sinunui kitu mpaka bei ishuke.

Kigari cha mtoto wetu wa kwanza nilikipata kwa nusu bei. Mtoto alikuwa ameshaanza kukimbia, lakini nusu bei ni nusu bei.

Na fungate? Nilimwambia mke wangu tungoje msimu wa watalii upite, hoteli zitashusha. Msimu ukapita, mimba ikaingia, habari ikaishia hapo.

Kwa hiyo safari hii ya meli haikuwa anasa. Ilikuwa fungate yetu, imechelewa miaka ishirini. Hilo nilikuwa nalijua vizuri, sitaki kujitetea.

Siku hiyo mke wangu alirudi kazini ameshika kijitabu cha meli. Akakitandaza mezani juu ya koili zangu za shaba.

"Mwezi wa nane mwakani," akasema. "Tukate sasa, niombe likizo."

Tukaenda kwa wakala. Dada wa watu akatueleza taratibu, mpaka nikamwonea huruma. Nauli ya juu: unachagua chumba mwenyewe, chenye kibaraza cha kukalia ukitazama maji, na mpaka zikibaki siku tisini unaweza kurudishiwa hela au kubadilisha jina la msafiri. Nauli ya chini: unalipa, unapangiwa chumba chochote watakachoamua wao, na ukishalipa ndiyo imetoka hiyo.

"Tuchukue ya juu," mke wangu akasema.

Nikacheka kile kicheko changu cha kijuaji.

"Mke wangu, sikiliza. Meli haing'oi nanga na vyumba vitupu. Zikibaki wiki chache wanaimwaga bei chini, watu wanaokota."

"Na likizo yangu?"

"Si unaomba tu?"

"Naombaje likizo ya safari isiyo na tiketi?"

"Subiri kwanza."

Dada wa wakala akainamisha kichwa akajifanya anatafuta kalamu.

Nikaanza kazi. Karakana yangu ilikuwa na friji moja iliyokufa, mlango mweupe, nikaufanya ubao. Kila asubuhi naangalia bei kwenye simu, naiandika mlangoni kwa kalamu ya wino mzito. Imepanda. Imesimama. Imeshuka kidogo. Imepanda tena, mshenzi huyu.

Wateja wakadhani ni bei za gesi ya friji. Kuna mmoja alinilaumu kabisa kwamba nimekuwa ghali.

Miezi ya mwanzo mke wangu aliuliza uliza. "Tumefikia wapi?" Namjibu, "Bado haijaiva." Baadaye akaacha kuuliza.

Mimi nikaona nimeshinda. Nikasema moyoni, huyu sasa ameanza kunielewa.

Zikabaki wiki tatu. Asubuhi moja nafungua simu, mikono imejaa grisi, nakuta bei imeporomoka. Si kushuka. Imeanguka chini puu!

Nilipiga kelele mpaka muuza vipuri wa jirani akatoka na spana mkononi, akidhani nimenaswa na umeme.

"Nilisema mimi!" nikamwambia. "Nilisema!"

Nikalipa hapo hapo, nafasi mbili, chumba cha ndani, kitakachopatikana. Kisha nikaanza kujaza majina. Langu likaingia vizuri. Nikaandika la mke wangu.

Likakataa.

"Msafiri huyu ameshasajiliwa katika safari hii."

Nikaandika tena. Likakataa tena. Nikaona mtandao unanichezea, nikampigia wakala.

"Dada, mbona jina la mke wangu halikubali?"

"Kwa sababu ameshakata, kaka."

"Amekata lini?"

"Mwaka jana. Siku ile ile mliyokuja, alirudi jioni peke yake. Ana chumba cha kibaraza, ghorofa ya tisa."

"Yuko na nani?"

Nikasikia anapekua karatasi.

"Na dada yake."

Nilihisi grisi imenipanda mpaka kichwani. Mwaka mzima mimi nahangaika na mlango wa friji, kumbe mwenzangu ana tiketi kwenye mkoba, na mimi simo!

Nikafika nyumbani natweta. Mke wangu alikuwa anapiga pasi sare zake.

"Unakwenda melini bila mimi?"

"Nani kakuzuia?" akasema, pasi inaendelea. "Kata na wewe uje."

"Nimeshakata! Nafasi mbili!"

"Hongera. Chumba kina kibaraza?"

Nikajifuta grisi kwenye suruali.

"Kina dirisha, basi?"

Nikaangalia dari.

"Na hela hairudi?"

"Hairudi."

Akaisimamisha pasi wima. Akachukua simu yake, akabonyeza, akaiweka mezani kwa sauti ya juu.

"Baba, shikamoo. Yule mkweo ana nafasi moja ya meli, hana wa kwenda naye."

"Marahaba, mwanangu," mzee akanguruma. "Mwambie nimekubali."

"Baba, bado sija..." nikaanza.

"Ahsante sana, mkwe. Hukulazimika."

Ningesema nini? Ungekuwa wewe ungesema nini?

Siku ya safari tukapanda wanne. Tukapigwa picha ya pamoja mlangoni, kila mtu anatabasamu kasoro mmoja. Mke wangu na shemeji wakaingia lifti ya kwenda juu. Mimi na mzee tukaelekezwa ngazi za kwenda chini.

Chumba chetu kilikuwa mwisho wa korido, karibu na mashine za kufulia. Fungua mlango: kitanda kimoja. Kimebanwa ukutani, kimepigwa misumari, hakitenganishwi. Nikamwuliza mhudumu kama kuna chumba kingine, akaitazama tiketi yangu, akanitazama na mimi kwa huruma.

"Kwa nauli hii, bosi, hiki ndicho."

Mzee alifungua begi lake, akatoa futi ya kupimia. Mstaafu huyo bado anatembea na futi yake. Akapima kitanda upana, akagawanya, akaweka taulo lililokunjwa katikati.

"Sentimita sabini na tano zako, sabini na tano zangu," akasema. "Usinizidishie."

Kwa kuwa hakukuwa na dirisha, hatukujua kukicha wala kuchwa. Saa kumi alfajiri mzee anawasha taa zote, anatangaza kwamba kumekucha, anaanza kunyoosha viungo. Goti lake lilikuwa linalia, na mimi fundi nikawa nalala nikijiuliza ni beringi gani imekufa.

Nikaona mchana nikapumzike kwa mke wangu. Nikapanda ghorofa ya tisa, nikabisha. Akafungua shemeji, amevaa joho jeupe la meli, kikombe mkononi. Nyuma yake kibaraza, viti viwili, bahari yote ya bluu imetulia inamngoja yeye.

"Shemeji! Karibu. Vua viatu."

Mke wangu alikuwa amejinyoosha, miguu juu ya kiti. Miaka ishirini sijawahi kuiona miguu hiyo imepumzika mchana.

"Saa za kutembelea ni kumi mpaka kumi na moja jioni," akaniambia bila kufungua macho. "Sasa hivi ni saa saba."

"Mimi ni mgonjwa?"

"Wewe ni mgeni. Mgonjwa ana kitanda."

Shemeji akacheka mpaka akamwaga chai. Mimi nikashuka na viatu vyangu mkononi.

Nilikuwa na hasira, sifichi. Niliona mke wangu kanitupa, tena kwa makusudi, tangu siku ya kwanza. Siku ya nne nikamwambia mzee. Tulikuwa tumekaa juu, kwenye viti vya kuotea jua, saa tano asubuhi.

"Baba, nisamehe, lakini mwanao hakunitendea haki. Mwaka mzima amepanga kusafiri na dada yake, mimi nafichwa."

Mzee akavua miwani. Akatoa karatasi kwenye mfuko wa shati, zimekunjwa vizuri. Mtu huyu husoma kila maandishi madogo, na alikuwa amemwomba binti yake tiketi zote azikague.

"Soma hapa," akasema. "Tiketi ya kwanza. Ya mwaka jana."

Nikasoma. Chumba cha kibaraza, ghorofa ya tisa. Msafiri wa kwanza, mke wangu.

Msafiri wa pili, mimi.

Nikasoma tena. Jina langu kamili, na herufi ya katikati ambayo mimi mwenyewe huisahau.

"Ulikaa hapo miezi kumi," mzee akasema. "Alitaka kukushtukiza. Kila mwezi akilipa kidogo kidogo kwa zamu za ziada. Zikabaki siku tisini, siku ya mwisho ya kubadilisha jina. Asubuhi hiyo akaja karakana kwako. Unakumbuka alikuuliza nini?"

"Sikumbuki, baba."

"Alikuuliza, tarehe kumi na nne mwezi wa nane utafunga karakana tuondoke? Wewe ulikuwa umelala chini ya friji ya mtu. Hata kichwa hukutoa. Unajua ulimjibu nini?"

Nikavuta kiti karibu.

"Ulimwambia, usinipe tarehe, nipe bei."

Akazikunja karatasi.

"Alinipigia akilia. Mimi ndiye niliyemwambia abadilishe jina. Na nilimwambia mapema, siku ukijikatia nafasi mbili, ya pili aniite mimi. Nilitaka kuona mtu wa namna hiyo analalaje."

"Nalalaje, baba?"

"Unazidisha sentimita kumi."

Niliona aibu. Si ile ya kuchekwa na shemeji, hiyo nimeizoea. Hii sikuwa nimewahi kuionja. Mwanamke alifanya kazi mara mbili ili anipe kiti pembeni yake, akaja mpaka miguuni pangu kuniuliza swali moja, na mimi nikampa jibu ninalompa mchuuzi.

Nikapanda ghorofa ya tisa. Haikuwa saa ya kutembelea. Nikabisha, akafungua mwenyewe.

"Saa ngapi sasa hivi?" akauliza.

"Najua si saa yangu. Nimekuja mara moja. Nimeiona tiketi ya kwanza."

Uso wake ukabadilika. Akaushika mlango, hakuufunga.

"Nisamehe," nikasema. "Uliniuliza tarehe, sikukujibu. Mwakani, tarehe kumi na mbili mwezi wa nane, karakana imefungwa. Meli hii hii. Ghorofa ya tano kuna dawati la kukata tiketi za mwakani. Twende sasa hivi."

Akanitazama muda mrefu, vile anavyomtazama mgonjwa anayedai amepona.

"Bei gani?"

"Sijauliza."

Hapo akacheka. Miezi mingi nilikuwa sijausikia ule mcheko wake wa kweli, na nakiri machozi yalinilenga.

Tukashuka bega kwa bega. Karani wa dawati, kijana nadhifu mwenye tai, akatukaribisha. Nikachagua chumba cha kibaraza. Nikachagua namba. Nikataja majina mawili, yake na langu, na herufi ya katikati.

"Nauli ipo ya aina mbili," karani akasema. "Hii ya kwanza ina punguzo kubwa, lakini majina yakishaingia hayabadilishwi. Hii ya pili ni ghali zaidi, ila mnaweza kubadilisha msafiri mpaka siku tisini kabla."

Nikafumba macho. Nikameza mate. Punguzo kubwa, jamani, na sikulitafuta mimi, limenifuata lenyewe! Nikageuka kwa mke wangu.

"Chagua wewe," nikasema.

Hakusita hata kidogo.

"Tupe ya ghali," akamwambia karani. "Hiyo ya kubadilisha jina. Huyu bwana bado yuko kwenye majaribio."

Basi wandugu, mkitaka somo langu ni hili: kuna nauli za kungojea zishuke, na kuna watu wa kuwahi. Mwenzio akikuuliza tarehe, toka chini ya friji, mwangalie usoni, mjibu tarehe.

Leo zimebaki siku mia moja na nne. Kila asubuhi kabla ya kazi nafungua simu, siangalii bei tena. Naangalia kama jina langu bado lipo.