Pipa Linalohesabu Majina ya Ajwang

Ni saa tatu kasorobo asubuhi mtaani Kimbo, Ruiru, na Rosebella Ajwang ameketi kwenye kigoda, hatua kumi na mbili kutoka kwenye moto wake. Anachambua maharagwe kwa vidole, bila kuyatazama.

Uani, pipa la mafuta limesimama wima juu ya matofali. Ndani yake wananing'inia samaki aina ya ngege arobaini na wanane, waliopasuliwa na kutiwa chumvi. Feni ndogo inanguruma kwa muda, kisha inanyamaza yenyewe. Ajwang anainua kichwa.

"Baba Lynn, uko kwa nani?"

"Bado niko kwako," anajibu mumewe, Jeconia Odero, akisogeza kuni kwa koleo. "Nikitoka kwako naenda kwa Auma."

"Usimkimbilie Auma. Ngozi imekauka?"

"Imekauka mgongoni. Tumboni bado."

"Basi kaa kwangu kidogo."

Jeconia anacheka na kurudi kivulini. Feni inaanza tena kunguruma.

Mgeni asiyejua atadhani wanazungumza juu ya watu waliomo ndani ya nyumba. Wanazungumza juu ya joto. Na zile hatua kumi na mbili kati ya Ajwang na moto ziliwachukua kama miezi tisa.

Ajwang ana umri wa miaka arobaini na saba. Alijifunza kubanika samaki kwa mama yake, karibu na ufuo wa ziwa huko Nyanza, na ameifanya kazi hiyo Ruiru tangu mwaka 1984. Hununua samaki Nairobi mara tatu kwa wiki, huwabanika uani, na kuwauza kwa wapangaji wa Kimbo na kwa hoteli mbili za Thika. Pipa moja likitoka vizuri, hubakiwa na shilingi mia nne hivi baada ya kutoa nauli, mkaa na kuni.

Kuni zenyewe ni za mibuni. Wafanyakazi wa mashamba ya kahawa ya jirani huuza matawi yaliyopogolewa, na Ajwang hataki mti mwingine. "Huo hautoi utomvu," anasema. "Samaki anatoka na rangi ya chai ya maziwa, si rangi ya lami."

Kwa miaka kumi na miwili kazi hiyo ilimtaka asimame kando ya pipa saa nne au tano mfululizo. Mnamo Januari 1996 alikwenda katika kliniki moja ya macho mjini Thika kwa sababu alikuwa ameanza kukosea noti. Aliambiwa mambo mawili. Jicho la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, ambaye angeweza kuondolewa baadaye kwa upasuaji. Lakini uso wa macho yote mawili ulikuwa umechubuliwa na moshi, na daktari hangemfanyia upasuaji kabla haujapona. Usingepona akiwa bado anasimama motoni.

"Aliniambia nichague," Ajwang anakumbuka. "Nikamuuliza, daktari, nichague kati ya nini na nini? Akasema, kati ya kazi na macho. Nikamwambia bila kazi hayo macho yataona nini, sufuria tupu?"

Halikuwa jibu la mzaha. Mwaka uliotangulia, mumewe alikuwa amepunguzwa kazini katika kiwanda cha nguo mjini Thika, alikokuwa fundi wa vipimo kwa miaka kumi na tisa. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba mashine za kukausha vitambaa hazipandi joto wala kushuka. Sasa alikuwa akitengeneza pasi na redio chini ya mwavuli karibu na stesheni ya Ruiru, siku tatu ana kazi, siku nne hana. Binti yao Lynn alikuwa chuo cha ualimu. Nyumba iliendeshwa na pipa.

Jeconia si mtu wa maneno mengi. Mkewe aliporudi kutoka kliniki na kumweleza, alitoka nje. Alichukua kigoda, akaketi uani akilitazama pipa kama alivyokuwa akiitazama mashine iliyoharibika kiwandani. "Niliona ni jambo la kawaida," anasema. "Yeye pale alikuwa anafanya kazi ya kidhibiti joto. Nikasema, hiyo kazi naijua. Naweza kumwajiri mwingine."

Huyo "mwingine" alimpata kwa muuzaji wa vyuma vikuukuu Thika, kwa shilingi mia moja na hamsini. Kilikuwa kifaa kilichong'olewa kutoka mashine ya kukaushia nguo, chenye ukubwa wa kisahani, na kitufe cha kuzungusha katikati. Kutoka kwake hutoka mrija mwembamba wa shaba wenye kichwa kama kidole mwishoni. Kichwa kikipata joto, kifaa hukata umeme. Kikipoa, huurudisha. Jeconia alikiunganisha na feni ya hita ya gari na betri kuukuu, akaziba matundu yote ya chini ya pipa, akaacha mlango mmoja tu wa hewa, mbele ya feni. Mkaa usipopuliziwa hupoa. Ukipuliziwa huwaka. Pipa lilikuwa limepata mtu wa kulichunga.

Majirani walikuja kutazama. Ngina, mwenye duka la ng'ambo ya barabara na mteja wa Ajwang wa miaka mingi, alizunguka pipa mara mbili.

"Haiya, Mama Lynn, siku hizi samaki wako wanasikiliza redio?"

"Wanasikiliza habari ya saa saba," Ajwang alimjibu. "Wakisikia bei ya unga wanakauka wenyewe."

Jaribio la kwanza lilifanyika Jumamosi moja ya Agosti 1996, na Jeconia alilifanya bila kumwambia mkewe. Ajwang alikuwa amekwenda kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Samaki walikuwa tayari kwenye chumvi. Jeconia alitaka arudi akute kazi imekwisha.

Alikosea kama ambavyo mtu wa kiwandani hukosea. Katika mashine ya kukausha nguo, joto ni moja kutoka mwanzo hadi mwisho, na kulishika bila kuyumba ndiyo sifa ya fundi. Alijua samaki huiva kwenye nyuzi joto themanini na kitu. Akaweka themanini na tano, akafunga mfuniko. Kifaa kilifanya alichoambiwa. Kwa saa tatu hakikupotea hata kwa nyuzi tatu.

Ajwang aliporudi, ngozi za samaki zilikuwa zimepasuka, na maji yaliyokuwa mwilini yameshindwa kutoka. Nyama ilikuwa laini kama uji. Samaki kumi na tisa walikuwa wamechomoka kwenye ndoano na kuanguka juu ya mkaa. Waliosalia hawakuuzika.

"Alitazama ndani muda mrefu," anasema Jeconia. "Nilijua ananitafutia neno. Mwishowe akasema, 'Baba Lynn, umewachemsha.' Basi."

Jumatatu iliyofuata Ajwang alikuwa amesimama tena kando ya pipa, kitambaa chenye maji kikiwa machoni. Kifaa kilikuwa juu ya kabati.

Kilikaa huko wiki tatu. Jeconia anasema kilichomkera si samaki walioharibika. Kila alipomuuliza mkewe joto linalotakiwa ni kiasi gani, alijibiwa kwamba hajui.

"Si kwamba nilimficha," anasema Ajwang. "Mimi digrii sijawahi kuziona. Mama yangu hakuwa nazo. Mimi naweka mkono."

Hilo Jeconia alikuwa ameliona kwa miaka, bila kulichunguza. Ajwang hugandisha kiganja cha kulia kwenye ubavu wa pipa, kwa nje, mahali pamoja daima. Rangi ya pipa imetoka hapo na chuma kinang'aa, kwa umbo la kiganja. Kisha midomo yake hucheza. Siku moja Jeconia alimwuliza anasema nini.

Alikuwa akitaja watoto wa mama yake. Wako tisa, kuanzia Okelo hadi yeye, kitinda mimba. Jina moja, pumzi moja. Mama yake ndiye aliyemfundisha hivyo, maana mtoto huweza kukosea namba lakini hawezi kuwasahau ndugu zake. Pipa likiruhusu kiganja kikae mpaka majina yote tisa yaishe, joto ni la kukausha ngozi. Likimfukuza kwenye jina la tano, ni wakati wa moshi na rangi. Likimfukuza kwenye jina la pili, samaki anaiva hadi mfupani, na hapo asizidishiwe nusu saa.

Kati ya hao tisa, watano wamekufa, wawili kati yao tangu mwaka 1993. Ajwang hajamruka hata mmoja. "Nikimruka mtu, samaki anaharibika," anasema.

Kwa Jumamosi tatu mfululizo mume na mke walifanya kazi ambayo Jeconia anaiita kusawazisha kipimo. Alitoboa mfuniko, akatumbukiza kipimajoto kilichokuwa mali yake tangu kiwandani. Ajwang aliweka kiganja, akafunga macho, akataja majina kwa sauti. Alipoondoa mkono, Jeconia alisoma na kuandika.

Walibishana mara nyingi. "Leo umesema haraka," Jeconia alimwambia Jumamosi ya pili.

"Wewe ndiye unaandika polepole, fundi. Ungekuwa bado kiwandani wangekukata mshahara."

"Walishaukata wote."

Mwisho wa kazi hiyo karatasi ilikuwa na vipimo ishirini na saba. Majina tisa yalikuwa nyuzi arobaini na nane. Matano, sitini na sita. Mawili, themanini na nne. Katika vipimo vyote ishirini na saba, mkono wa Ajwang haukuwahi kutofautiana na wastani wake kwa zaidi ya nyuzi mbili. Jeconia, aliyekuwa akisahihisha vyombo vya kiwanda kwa miaka kumi na tisa, anasema ni vichache vilivyokuwa na uthabiti huo.

Karatasi hiyo pia ilimwonyesha kosa lake la pili. Alikuwa amekiweka kichwa cha shaba juu, karibu na mfuniko, moshi unakotokea, ilhali mkono ulipima ubavuni. Akakitoa, akakifunga ndani ya pipa, nyuma kabisa ya ile alama inayong'aa. Sasa kati ya kiganja cha Ajwang na kile kidole cha shaba kuna unene wa bati tu.

Kisha akachukua msumari na kuchora uso wa kifaa upya. Hakuandika namba. Kwenye alama ya kwanza aliandika Ajwang, ya pili Auma, ya tatu Ochola: jina la tisa, la tano na la pili. Kwenye kila alama alikata pengo kwa tupa, ili kidole kiitambue hata kama jicho halioni.

Ajwang hakuamini haraka. Alitaka ushahidi, na aliupata kwa Bedan Muigai, mwenye hoteli Thika anayechukua samaki arobaini kila Ijumaa na anayejulikana kwa kurudisha bidhaa. Wiki moja walimpelekea samaki ishirini wa mkono na ishirini wa kifaa, bila kumwambia. Wa kifaa walifungwa uzi mweusi mkiani.

Bedan alifanya kama kawaida yake: alibonyeza kila mgongo kwa dole gumba, akanusa matumbo, akamvunja mmoja katikati. Kisha akawahesabu na kuwapeleka jikoni.

"Hukuona kitu?" Jeconia alimwuliza.

"Nione nini? Samaki ni wa Mama Lynn. Hizo nyuzi ndizo sikuelewa. Nimezitoa, wateja wasidhani ni kamba ya viatu."

Tangu siku hiyo Ajwang huketi kwenye kigoda. Hukaribia pipa mara tatu tu: kubadilisha alama na kutazama ngozi, kila mara kwa muda usiozidi dakika moja. Juni mwaka huu wa 1997 alirudi kliniki. Uso wa macho umepona kiasi cha kutosha, na amepewa tarehe: jicho la kulia litafanyiwa upasuaji Jumanne, Novemba kumi na moja.

Baada ya hapo ametakiwa akae mbali kabisa na moshi kwa wiki sita, hata ule wa hatua kumi na mbili. Atakaa kwa Lynn, ambaye sasa anafundisha Thika. Jeconia atabaki peke yake na pipa, na wateja watakula kama kawaida. Miaka miwili iliyopita jambo hilo lisingewezekana.

Leo ni zamu yake ya kufanya mazoezi. Saa nne na nusu anasogea kwenye pipa na kuzungusha kitufe kwenye pengo la pili. Feni inavuma. Halafu, ingawa haihitajiki tena, anaweka kiganja chake mwenyewe kwenye ile alama ndogo kuliko mkono wake, na kuanza kutaja shemeji zake. Okelo. Ochola. Anyango. Oduor. Auma. Anaondoa mkono, na feni inanyamaza.

"Amefika?" anauliza Ajwang kutoka kwenye kigoda.

"Amefika."

Ajwang anarudi kwenye maharagwe yake. Akiulizwa atafanya nini kwanza siku atakapofunguliwa bandeji, hataji kazi wala pipa la pili ambalo Jeconia ameshaanza kulisafisha. Anasema kuna kitu amekuwa akikigusa kwa kidole kwa karibu mwaka mzima, kwa sababu maandishi ni madogo na jicho halimsaidii.

"Nasikia aliandika jina langu pale kwa msumari," anasema. "Nataka kulisoma mwenyewe."